Mbolea ya Vuli Huanza Julai: Jinsi ya Kugeuza Samadi ya Boma Kuwa Mavuno ya Mboga

Mvua za masika zimekwisha, na wakulima wengi wa mboga katika Kaunti ya Kilifi sasa wanajiandaa kwa msimu wa vuli unaoanza Oktoba. Mbegu huagizwa mapema na vitalu hutayarishwa mapema. Lakini suala la mbolea mara nyingi huachwa hadi wiki ya kupandikiza. Wakati huo mkulima hubaki na njia mbili tu: kununua mfuko dukani, au kuchota samadi bomani jinsi ilivyo na kuimwaga kwenye mashimo.

Njia ya kwanza ina gharama. Mwaka 2022 bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP ilipita shilingi 6,000. Serikali ya kitaifa ilianzisha mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500 mwezi Septemba mwaka huo, na mwaka 2023 bei ikashushwa hadi shilingi 2,500. Njia ya pili huonekana kama ya bure, lakini samadi mbichi inaweza kuunguza miche, kuleta magugu na kupeleka vijidudu vya magonjwa hadi kwenye sahani ya mlaji.

Kuna njia ya tatu, nayo ni kuozesha samadi hiyo vizuri hadi iwe mboji. Haihitaji mashine wala mtaji mkubwa. Inahitaji takriban miezi mitatu, na ndiyo sababu mkulima anayetaka kuitumia Oktoba anapaswa kuanza sasa.

Kwa nini udongo wa Pwani unahitaji samadi

Sehemu kubwa ya ukanda wa karibu na bahari, kuanzia Mtwapa hadi Malindi na Magarini, ina udongo wa mchanga. Udongo huu ni rahisi kulima, lakini haushiki maji wala chakula cha mimea. Mkulima anapomwagilia asubuhi, maji mengi huzama chini kuliko mizizi ya mchicha au sukuma wiki inavyoweza kufika. Mbolea ya dukani iliyotiwa juu yake nayo hushuka na maji hayo hayo, hasa nitrojeni.

Joto la Pwani huongeza tatizo. Majani na mizizi iliyobaki shambani huoza haraka na kuisha, tofauti na maeneo ya baridi ya milimani ambako mabaki hayo hudumu kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo shamba la mboga linalolimwa msimu hadi msimu bila kurudishiwa chochote hubaki mchanga mtupu.

Mboji hufanya kazi mbili ambazo mfuko wa dukani peke yake haufanyi. Kwanza, hushikanisha chembe za mchanga na kushika maji kama sifongo, hivyo mmea huvumilia siku zaidi kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Pili, huachilia chakula kidogo kidogo kwa muda wa miezi. Ndiyo maana sukuma wiki iliyopandwa kwenye mboji huendelea kutoa majani kwa muda mrefu, badala ya kustawi wiki chache kisha kugeuka manjano. Mboji pia hulisha viumbe wadogo wa udongoni, na baadhi yao husaidia kupunguza minyoo wanaofanya mafundo kwenye mizizi ya nyanya na biringani, tatizo linalojulikana sana kwenye mashamba ya mchanga.

Hata hivyo, mkulima asidanganyike kuhusu nguvu yake. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una nitrojeni asilimia 18, yaani kilo 9. Gunia la kilo 50 la samadi ya ng'ombe yenye nitrojeni asilimia 1 lina nusu kilo tu, na sehemu ya hiyo haitapatikana msimu wa kwanza. Kwa hesabu hiyo, gunia moja au mawili hayatatosha shamba. Samadi hufanya kazi ikiwa nyingi na ikiwa imehifadhiwa vizuri. Hapo ndipo hasara kubwa hutokea.

Samadi hupoteza nguvu kabla ya kufika shambani

Samadi ikirundikwa nje ya boma bila kufunikwa, jua huikausha na nitrojeni hupaa hewani. Ile harufu kali inayochoma pua karibu na banda la kuku au boma la mbuzi ni nitrojeni inayoondoka. Mvua ikinyesha, maji meusi yanayotiririka kutoka kwenye rundo huondoka na sehemu nyingine pamoja na potasiamu. Rundo lililoachwa wazi linaweza kupoteza hata nusu ya nitrojeni yake. Mkulima hubaki akibeba mzigo uleule kwenye toroli, huku nguvu yake ikiwa imekwisha njiani.

Hasara nyingine iko kwenye mkojo. Karibu nusu ya nitrojeni inayotoka kwa ng'ombe hupitia kwenye mkojo, na bomani lenye sakafu tupu mkojo huo hunywewa na ardhi.

Hatua za kuzuia hasara hizi ni rahisi:

1. Mkulima atandike nyasi kavu, mabua ya mahindi au majani makavu bomani. Matandiko hayo hunyonya mkojo, na yakilowa huondolewa pamoja na samadi.

2. Samadi irundikwe mahali palipoinuka, chini ya kivuli cha mti au paa la makuti, ili maji ya mvua yasipite ndani yake.

3. Rundo lifunikwe kwa makuti, majani ya mgomba au turubai kuukuu.

4. Samadi isizolewe pamoja na mchanga wa boma. Mchanga huongeza uzito bila kuongeza mbolea.

Kwa wakulima wa Kilifi Kusini, Kilifi Kaskazini na Malindi wasio na mifugo, samadi ya mbuzi na ng'ombe inaweza kununuliwa kutoka kwa wafugaji wa maeneo ya bara kama Ganze. Kabla ya kulipa, mnunuzi anaweza kufanya jaribio dogo. Atie kiganja kimoja cha samadi kwenye chupa yenye maji, aitikise, kisha aiache itulie. Mchanga utakaa chini na samadi itaelea au kubaki juu ya mchanga. Mchanga ukijaa nusu ya kile kilichotulia, basi nusu ya gharama ya gari imelipwa kwa kusafirisha mchanga.

Hatari za kutumia samadi mbichi

Haraka ya kupanda huwafanya wengine kutia samadi moja kwa moja kutoka bomani. Madhara yake ni haya.

Miche huungua. Samadi ya kuku ndiyo kali zaidi. Ikigusa mizizi ya mche mchanga, majani huanza kukauka kwenye ncha na mche hufa hata kama umemwagiliwa.

Magugu huongezeka. Mbegu nyingi za nyasi zinazoliwa na mifugo hupita tumboni bila kufa. Mkulima anayetia samadi mbichi ya ng'ombe hujikuta akilipa vibarua wa kupalilia magugu aliyoyapanda mwenyewe.

Wadudu huzaliana. Chonga, yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa minazi, hutaga mayai kwenye magogo ya minazi yaliyooza na pia kwenye marundo ya samadi yasiyogeuzwa. Katika kaunti inayotegemea mnazi, rundo lililosahauliwa nyuma ya boma linaweza kuwa kitalu cha adui. Funza weupe wanene wanaoonekana wakati wa kugeuza rundo waondolewe. Kuku huwala kwa furaha.

Walaji huugua. Samadi mbichi inaweza kuwa na bakteria kama E. koli na salmonela, pamoja na mayai ya minyoo. Mboga inayopikwa hupunguza hatari kwa sababu moto huua vijidudu. Lakini nyanya, dania, saladi, karoti na vitunguu vya kachumbari huliwa vibichi. Sheria za kilimo hai nchini Marekani hutaka samadi mbichi itiwe shambani angalau siku 120 kabla ya kuvuna mazao yanayogusa udongo, na siku 90 kwa yasiyougusa. Mchicha huvunwa wiki chache tu baada ya kupandwa, kwa hiyo hauna nafasi kabisa ya kutumia samadi mbichi. Kinyesi cha binadamu na maji taka visitumike kwenye bustani ya mboga.

Jinsi ya kutengeneza rundo la mboji

Katika maeneo yenye mvua ya kutosha, rundo hutengenezwa juu ya ardhi ili lisijae maji. Katika maeneo makavu kama sehemu za Ganze na Magarini, ni bora kuchimba shimo la kina cha sentimita 60 hivi, kwa kuwa shimo hutunza unyevu. Sehemu yoyote ichaguliwe iwe na kivuli na iwe mbali na kisima.

Vipimo vizuri ni upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.2. Urefu hutegemea kiasi cha vitu vilivyopo. Rundo dogo sana halishiki joto, na bila joto mbegu za magugu na vijidudu havifi.

Rundo hupangwa kwa tabaka:

Tabaka la kwanza ni vijiti vyembamba au mabua ya mahindi, sentimita 15 hadi 20, ili hewa ipite chini.

Tabaka la pili ni majani makavu, nyasi kavu au mabua yaliyokatwakatwa, sentimita 15 hivi.

Tabaka la tatu ni majani mabichi, kama magugu ambayo hayajatoa mbegu, majani ya kunde baada ya kuvuna, au majani ya miti ya jamii ya kunde inayopandwa kwenye mipaka ya mashamba.

Tabaka la nne ni samadi, sentimita 5 hivi, kisha udongo wa juu kidogo na jivu la kunyunyiza tu. Jivu lisizidi, hasa kwenye udongo wa matumbawe ambao tayari una chokaa.

Kila tabaka hunyunyiziwa maji kabla ya lingine kuwekwa, na mpangilio hurudiwa kuanzia majani makavu hadi kimo kifike. Makumbi ya nazi yasiwekwe mazima. Huchukua muda mrefu mno kuoza. Mabaki ya nyama na samaki nayo yaachwe, kwa kuwa huita panya na mbwa. Mwisho, rundo hufunikwa kwa makuti au majani ya mgomba, na fimbo ndefu huchomekwa kwa mshazari hadi katikati.

Fimbo hiyo ndiyo kipimajoto cha mkulima. Baada ya siku tatu au nne huchomolewa na kuguswa:

Ikiwa moto na yenye unyevu, kazi inaendelea vizuri. Rundo zuri hufikia nyuzijoto 55 hadi 65, joto linaloua vijidudu na mbegu nyingi za magugu.

Ikiwa kavu, au ina utandu mweupe wa ukungu, rundo linahitaji maji.

Ikiwa baridi, imelowa na inanuka, maji yamezidi na hewa imekosekana. Rundo ligeuzwe na kuongezwa majani makavu.

Baada ya wiki tatu rundo hugeuzwa, lile la nje likiingia ndani na la ndani likitoka nje, ili kila sehemu ipate joto. Hugeuzwa tena baada ya wiki tatu nyingine. Anayegeuza avae buti za mpira na glavu, kwa kuwa samadi inaweza kuwa na vijidudu vya pepopunda, na aoge au anawe kwa sabuni baada ya kazi.

Mboji iliyoiva huwa nyeusi au kahawia, hunukia kama udongo baada ya mvua, haina joto tena, na mtu hawezi kutambua jani wala kinyesi ndani yake. Mwenye shaka anaweza kupanda mbegu za mchicha kwenye mkebe wenye mboji na udongo nusu kwa nusu. Zikiota na miche ikabaki na kijani kibichi kwa wiki moja au mbili, mboji iko tayari.

Kiasi cha kutumia

Kwa mboga, kiasi kinachofaa kwenye udongo wa mchanga ni takriban kilo 2 za mboji kwa kila mita mraba. Debe la lita 20 lililojaa mboji lina karibu kilo 10. Kwa hiyo tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 huhitaji debe moja. Mboji husambazwa na kuchanganywa na udongo hadi kina cha sentimita 15, wiki moja au mbili kabla ya kupandikiza.

Ploti ya futi 50 kwa 100 ina takriban mita mraba 465, hivyo ikitiwa mboji kote huhitaji karibu madebe 90. Rundo hupungua kwa nusu hivi linapoiva, kwa hiyo rundo la upana wa mita 1.5, kimo cha mita 1.2 na urefu wa mita 2 linaweza kutosha ploti hiyo. Mkulima mwenye mboji kidogo aitie kwenye mashimo pekee: viganja viwili kwa kila shimo la sukuma wiki, kabichi, nyanya, pilipili au biringani, ikichanganywa vizuri na udongo kabla ya mche kuwekwa. Hapo kiasi hupungua kwa karibu nusu.

Mboji iliyotokana na samadi ya kuku ni kali zaidi, hivyo nusu ya kiasi hicho hutosha. Kwa nyanya, samadi ikizidi mmea huota majani mengi na kuchelewa kutoa matunda.

Wakati wa kuongeza nguvu katikati ya msimu, wengine hutumia maji ya samadi. Gunia lenye kilo 30 hadi 50 za samadi hutumbukizwa kwenye pipa la lita 200 la maji, hufunikwa, na hukorogwa kila baada ya siku tatu kwa muda wa wiki mbili hadi tatu. Sehemu moja ya maji hayo huchanganywa na sehemu mbili za maji safi, kisha humwagwa kwenye udongo karibu na shina. Kwa kuwa samadi hiyo haikupitia joto la rundo, maji yake yasimwagwe juu ya majani, na yasitumike kabisa kwenye mboga zinazoliwa mbichi.

Mahali ambapo maji ya kisima yana chumvi, tahadhari zaidi inahitajika. Samadi, hasa ya mbuzi na kuku, ina chumvi yake pia. Ikiwa ncha za majani zimeanza kuungua, kiasi kipunguzwe na tuta lifunikwe kwa nyasi kavu ili maji yasikauke na kuacha chumvi juu.

Je, mbolea ya dukani iachwe?

Si lazima. Kituo cha utafiti cha Kabete, Nairobi, kimekuwa na jaribio la shambani tangu mwaka 1976 la kulinganisha samadi, mbolea ya viwandani na vyote viwili pamoja. Jaribio hilo ni la mahindi na maharagwe, si la mboga, lakini funzo lake linahusu udongo wenyewe. Mashamba yaliyopata mbolea ya viwandani peke yake yalishuka kadiri miaka ilivyopita, huku yaliyopata samadi pamoja na mbolea ya viwandani yakidumisha mavuno bora.

Kwa mkulima wa mboga, hii ina maana kwamba mboji hujenga udongo na mfuko huongeza kile kinachopungua. Kwa nyanya au kabichi, viganja viwili vya mboji pamoja na kifuniko kimoja cha soda cha DAP kwa kila shimo ni mchanganyiko unaotumiwa sana. Kwenye udongo wenye mboji, mbolea hiyo haizami haraka na maji, kwa hiyo mfuko mmoja huenda mbali zaidi. Kupima udongo kabla ya kununua humsaidia mkulima kujua kinachokosekana, badala ya kulipia asichohitaji.

Kalenda ya maandalizi ya vuli

Julai: kukusanya samadi, mabua na majani, kutengeneza rundo na kulifunika.

Agosti: kugeuza mara ya kwanza, na kukagua fimbo na unyevu kila wiki.

Septemba: kugeuza mara ya pili, kuotesha miche kitaluni, na kufanya jaribio la mkebe mwishoni mwa mwezi.

Oktoba: kutia mboji kwenye matuta au mashimo, na kupandikiza mvua zinapoanza.

Anayekosa tarehe hizi asitie samadi mbichi ili kuziba pengo. Aanze rundo wakati wowote na alihifadhi chini ya paa kwa ajili ya masika. Kwa msimu wa Aprili, rundo linafaa kuwa limeanza kufikia Januari.

Kilimo ni miongoni mwa majukumu yaliyogatuliwa kwa kaunti chini ya Katiba ya 2010, na ushauri wa kilimo ni sehemu ya huduma hizo. Mkulima au kikundi kinachotaka kuonyeshwa namna ya kupanga rundo kinaweza kumwendea afisa wa kilimo wa wadi yao. Ni vizuri kufika mapema mwezi huu, wakati bado kuna muda wa mboji kuiva kabla ya mvua ya kwanza.